Leseni ya Mzee wa Mwandoya

Sitamtaja jina. Jina lake nimeshalitumia vya kutosha, na wanawe wanalihitaji kuliko mimi. Nitamwita mzee wa Mwandoya, kama tulivyokuwa tukimwita ofisini.

Mimi ni mkuu wa ofisi katika kampuni ndogo ya kununua pamba. Ofisi iko Somanda, hapa Bariadi, vyumba viwili na kibaraza, upande mmoja duka la vipuri vya pikipiki, upande wa pili mama muuza chapati ambaye hujua habari za kampuni yetu kabla sisi hatujazijua. Tuna vituo viwili vya kununulia, kimoja Mwandoya na kingine Kimali, vyote Meatu. Makao makuu yako Mwanza, na kutoka huko huja magari, barua na lawama. Mwaka ule ukaja na mfumo.

Zamani kazi ilikwenda hivi. Mkulima analeta pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe, karani anapima, mzee anaikagua na kutaja daraja lake: safi, au fifi ikiwa imechafuka au ina maji. Vinaandikwa kwenye daftari, daftari linapanda basi kuja Bariadi, mimi nanakili, na nakala inapanda basi kwenda Mwanza. Kuna wakati daftari lilifika siku hiyo hiyo, na kuna wakati lilipitia kwanza Shinyanga kusalimia ndugu. Makao makuu wakachoka. Wakasema sasa tutatumia mfumo wa mtandaoni: karani apige picha mzigo kwa simu na kuingiza uzito, mkuu wa kituo aidhinishe daraja, na kuanzia hapo mfumo ufanye mengine wenyewe, umtumie mkulima meseji, uijulishe ghala, uite lori. Wakaniambia kila kitu kitakaa kwenye wingu. Sisi wa Simiyu wingu tunalijua kwa kutuahidi na kutupita.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua leseni, na kazi hiyo nikapewa mimi.

"Chagua wewe," bosi aliniambia kwa simu. "Wewe ndiye unayewajua watu wa huko. Ila usivuke bajeti."

Mtu akikwambia uchague bila kuvuka bajeti, ujue uchaguzi umeshafanyika. Hata hivyo nilikaa na muuzaji wa mfumo, yeye akiwa Dar es Salaam na shati lake jeupe kwenye kioo cha kompyuta, mimi nikiwa Somanda na pikipiki zikinguruma dirishani. Alinionyesha jedwali lenye safu tatu. Safu ya kwanza ilikuwa leseni ya kila mtumiaji: unalipia mtu, na mtu huyo anatumia mfumo atakavyo. Ya pili ilikuwa leseni ya mchakato: unalipia kazi yenyewe, kwa mfano hiyo ya kupima na kuidhinisha, kisha wafanyakazi wako wote wanaingia, kila mmoja kwa jina lake. Ya tatu ilikuwa ya kulipa kadiri unavyotumia, nayo niliikataa hapo hapo, maana kwenye msimu wa pamba hakuna ajuaye atatumia kiasi gani. Nililisoma jedwali lile kama mtu anayechagua kifurushi cha simu. Macho yalikwenda kwanza kwenye bei, yakakaa huko.

"Watumiaji wenu ni wangapi, mama?" muuzaji aliuliza.

"Watatu," nikasema.

Mwandoya peke yake walikuwa wanne: mzee, makarani wawili na mtunza ghala. Kimali walikuwa wawili. Pamoja nami, saba. Lakini sikuwa nadanganya. Nataka hili lieleweke, na si kwa kujitetea. Nafasi ya kujitetea, na ya kumtetea mtu mwingine, nilikuwa nayo nikaiacha ipite.

Nimezaliwa Kimali, kwenye mji wa babu yangu. Mji, kwetu, si barabara na taa. Ni makazi ya mtu mmoja na wake zake, wanawe, wake za wanawe na wajukuu. Kwenye daftari la wakulima mji mzima uliandikwa kwa jina moja, la babu. Mama yangu alilima shamba lake, akapalilia mwenyewe, akachuma mwenyewe, na alipofika kwenye mzani alitaja jina la babu. Baba zangu wadogo walitaja jina la babu. Mimi mwenyewe, nikiwa bado na sare ya shule ya msingi, nilisimama pale na kiroba changu cha pamba ya kuokoteza, nikataja jina la babu, na hakuna aliyeniuliza kama mimi ndiye yeye. Jina la mwenye mji lilikuwa mlango, na wa ndani wote walipita hapo. Wakulima wetu wako hivyo hadi leo. Kwa hiyo nilipoulizwa watumiaji ni wangapi, nilihesabu miji. Ofisi ya Somanda, mji mmoja, mwenyewe ni mimi. Kimali, mmoja. Mwandoya, mmoja, na mwenye mji hakuna aliyeuliza ni nani.

"Leseni hii inakuwa ya mtu aliyetajwa," muuzaji alisema. "Nitahitaji majina."

"Majina ninayo," nikamjibu, nikampa matatu. Kisha ukaja ukurasa mrefu wa masharti kwa Kiingereza, na chini yake kisanduku cha kuweka alama kwamba umesoma na umekubali. Niliweka alama.

Mzee wa Mwandoya alikuwa kwenye mzani ule tangu mimi nikiwa karani mgeni nisiyejua kushika kalamu na gunia kwa wakati mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akitumbukiza mkono kwenye gunia hadi kwenye kiwiko, kwa sababu, alisema, pamba ya juu ni salamu tu, habari ziko chini. Alitoa konzi moja, akaivuta taratibu, akaitazama kwenye mwanga, halafu akachukua mbegu akaitafuna. Mbegu ikilia kwenye meno, pamba imekauka. Ikinyamaza, kuna mtu kaimwagia maji ili iongezeke uzito. Hakuwahi kugombana na mkulima. Alisema "fifi" kwa sauti ile ile aliyosemea "safi", na watu walikubali, kwa sababu hata ya shemeji yake aliwahi kuitia fifi mbele ya umati.

Nilipompelekea simu ya kituo yenye mfumo, aliigeuza mikononi, akaniuliza kwa Kisukuma jina lake litaingiaje humo. Nikamweleza. Kila daraja litakaloidhinishwa Mwandoya litatoka kwa jina lake.

"Na hawa?" aliuliza, akiwaonyesha makarani wake. "Wao wataingiaje?"

"Kwa jina lako, baba. Utawapa neno la siri."

"Mwanangu, jina langu sijawahi kumwazima mtu."

"Ni kama daftari la wakulima tu," nikamwambia. "Wewe ndiye mwenye mji."

Nilijua hoja hiyo itamshinda, na ilimshinda. Neno la siri alilochagua lilikuwa jina la maksai wake wa kwanza wa kulimia, na karani mmoja akaliandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa ghala ili lisisahaulike. Nililiona likiandikwa. Tulicheka wote, na mzee akasema maksai yule alikuwa mvivu, tusije tukamlaumu yeye mfumo ukichelewa.

Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mzee alikagua, akasema, na yeyote aliyekuwa karibu na simu akabonyeza. Mwanza wakafurahi. Mfumo ulikuwa na tabia ya kutuma ripoti kila mwezi ya watumiaji wanaofanya kazi zaidi, na jina la mzee lilikuwa juu ya wote wa kanda. Nilimpigia kumwambia. Alicheka hadi akakohoa. "Mimi ambaye meseji husomewa na binti yangu," alisema.

Mkewe alifariki msimu wa pili, katikati ya ununuzi. Alilazwa kwa muda hapa Bariadi, na mzee akawa anakwenda na kurudi, kisha akarudi naye kwenye jeneza. Siku ya maziko, kwa desturi ya huko, hakuna anayeshika jembe wala kufungua duka, na asiyefika msibani ataulizwa na kijiji. Makarani wote wawili na mtunza ghala walikwenda kuchimba kaburi. Kituo kilifungwa kwa kamba. Ruhusa rasmi hakuna aliyeomba, na mimi sikujaza fomu yoyote kwenye mfumo, kwani msiba nao unajaziwa fomu?

Nilifika Mwandoya asubuhi hiyo nikiwa kwenye lori la kuchukua pamba, maana ndilo gari lililokuwepo. Kituoni tulikuta mikokoteni imepanga foleni. Walikuwa watu wa mbali ambao habari za msiba hazikuwafikia, wamelala njiani, na ng'ombe wao hawajanywa maji tangu jana. Dereva akaniambia akirudi mtupu, mfumo hautampanga kuja tena kwa siku nyingi. Nikatazama saa. Nikajisemea nitawamaliza haraka, kaburi halikimbii.

Nilifungua kamba. Nilichukua simu kwenye droo, nikasoma neno la siri nyuma ya mlango, nikaingia kwa jina la mzee. Turniboi wa lori alinipimia. Picha, uzito, idhini. Kwenye gunia la kwanza nilitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko kama nilivyofundishwa. La pili nilitumbukiza hadi kwenye kifundo. Baada ya hapo nilitazama ya juu tu na kubonyeza. Safi, safi, safi. Mbegu sikutafuna hata moja, na meno yangu ni mazima.

Upepo ulileta sauti ya kwaya kutoka nyumbani kwa mzee. Nikasema mkokoteni mmoja zaidi. Halafu nikasema mmoja tena.

Nilipofika, udongo ulikuwa umeshalundikwa na akina mama walikuwa wakichomeka maua. Mzee alisimama kando, mikono nyuma. Nilimpa pole. Akanitazama begani, kwenye kitenge changu cheusi, akaondoa manyoya ya pamba yaliyokuwa yamenasa hapo.

"Umewahudumia watu," alisema.

"Ndiyo, baba. Ng'ombe wao walikuwa na kiu."

"Wabeja, mayu," alinishukuru. Kisha akayabana manyoya yale kati ya vidole viwili, akayavuta, akayabana tena. Nadhani hata hakujua anafanya hivyo. "Hii haijakauka," akasema.

Nikamwambia nitaangalia. Lori lilikuwa limeshaondoka, na sikuangalia kitu.

Pamba ile ilichemka kwenye ghala la kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa na maji, na chini ya magunia kulikuwa na mchanga wa kutosha kupiga lipu. Kiwanda kikalalamika Mwanza, Mwanza wakafungua mfumo, na mfumo ukawaambia ilitoka kituo gani, siku gani, saa ngapi, na nani aliyesema ni safi. Wakati wakitafuta hilo wakaona na mengine. Jina la mzee lilikuwa limeidhinisha mizigo Mwandoya siku ambazo simu yake mwenyewe, nayo ikiwa na mfumo, ilikuwa Bariadi hospitalini. Lilikuwa limeingia kwenye vifaa viwili kwa dakika moja. Mtoa mfumo naye akaandika kukumbusha kwamba leseni ile ni ya mtu mmoja, na kuigawa ni kuvunja mkataba. Ndipo nikausoma ule ukurasa wa masharti. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kifungu cha nne, kwa Kiingereza chepesi kabisa.

Mkaguzi alikuja Somanda, mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Mzee aliitwa. Alikuja na basi la asubuhi, amevaa koti lake la kanisani, akakaa kwenye kiti cha wageni ofisini kwangu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuandika muhtasari wa kikao.

Mkaguzi alimgeuzia kompyuta. "Mzee, idhini hizi za siku hii, unazikumbuka?"

Mzee hakuangalia kompyuta. Aliuliza ni siku gani, akatajiwa. Nilijua kwamba amejua. Hakuna mume asiyeijua siku hiyo.

"Ulikuwa wapi?"

Hapa ndipo palikuwa na nafasi yangu. Ilikuwa pana, mtu angeweza kupita hapo na mkokoteni. Nilikuwa na mdomo, na mkaguzi alikuwa ameketi karibu nami kiasi cha kuweza kunong'onezwa. Ningesema: ni mimi. Mimi ndiye niliyebonyeza, mimi ndiye niliyechagua leseni tatu kwa watu saba, mimi ndiye niliyemwambia huyu mzee agawe neno la siri. Niliogopa. Nina nyumba Somanda imefika kwenye linta, nina mtoto chuoni, mume wangu alishatangulia. Sababu zote hizo ni za kweli na zote kwa pamoja hazitoshi.

"Nilikuwa kituoni," mzee akasema.

"Uliidhinisha wewe mwenyewe?"

"Hapo pameandikwa jina la nani?"

"Lako."

"Basi ni mimi."

Mkaguzi akashusha pumzi, akanigeukia kuona kama nimenakili. Niliandika: mhusika amekiri. Mwandiko wangu ni mzuri, nimesifiwa tangu shule ya msingi, na siku ile haukutetereka hata kidogo.

Nilimfuata mzee hadi stendi. Alikuwa amekaa kwenye benchi na karanga kwenye karatasi. Nikamuuliza kwa nini.

"Ungesema ni wewe, wangekufukuza wewe," alisema. "Halafu wangeniuliza ulilipataje neno la siri, wangenifukuza na mimi. Na wale wa kituoni pia. Mmoja anatosha, mayu. Mimi nilikuwa nimebakiza msimu mmoja tu."

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ilikuwa sahihi, nami niliipokea kama mtu aliyeletewa zawadi. Nilimshukuru. Alinipa karanga, nikachukua.

Ila kuna jambo hatukulijua, si yeye wala mimi. Barua ya kuachishwa kazi sikuichapa mimi. Ilitoka kwenye mfumo wenyewe, na nyuma yake mfumo ukaambatanisha kila idhini yenye kasoro, pamoja na tarehe na saa. Kisha ukatuma nakala kwenye namba ya ndugu wa karibu. Namba hiyo niliijaza mimi, mwaka wa kwanza, siku ya kumsajili. Mzee aliniambia niweke ya binti yake mkubwa, mwalimu, kwa kuwa ndiye anayemsomea meseji.

Kwa hiyo binti alisoma. Alisoma tarehe, akasoma na saa. Saa ile jeneza la mama yake lilikuwa linashushwa, na barua ilisema baba yake yuko kituoni anapitisha pamba mbovu. Ilisema pia kwamba baba amekiri. Habari hizi nilizipata kwa karani wa Mwandoya: binti alikuja na ile simu, akamuuliza baba yake mbele ya wadogo zake, "Baba, tunamzika mama wewe ulikuwa unabonyeza simu?" Mzee angejibu nini? Angesema hakuwa yeye, wangeuliza ni nani, na Mwandoya habari haikai ndani ya nyumba moja. Nao siku ile ya maziko walikuwa wanalia, na wanaolia hawahesabu nani amesimama wapi. Kila mmoja akaanza kukumbuka kwamba kweli, kuna kipindi hakumwona baba.

Leseni ziliisha muda wake mwezi ule ule. Muuzaji akatokea tena kwenye kioo na shati lake jeupe, akauliza kama tunahuisha kifurushi kile kile. Nikamwambia sasa nataka cha safu ya pili, leseni ya mchakato, watu wote waingie kwa majina yao. Akasema nimechagua vizuri, ndicho kingetufaa tangu mwanzo. Tofauti ya bei kati ya hivyo viwili sitaiandika hapa. Msomaji angeiona, angeuliza kama ni hiyo tu.

Kabla ya kufunga kile cha zamani ilinibidi kuondoa watumiaji. Mfumo uliniuliza kama nina uhakika nataka kumwondoa mzee. Nilibonyeza ndiyo. Ukauliza tena, kwa adabu, kama nafahamu kwamba kumbukumbu zake zitabaki na haziwezi kubadilishwa. Nikabonyeza ndiyo.

Nilikwenda Mwandoya baada ya mavuno. Nilikwenda kusema. Njia nzima nilipanga maneno, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, nikaona ya Kisukuma ni machache na hayana pa kujificha, nikayachagua hayo. Ningewaita watoto wake wote, ningesimama, ningesema ni mimi.

Mzee alikuwa zizini. Aliinua mkono kutoka kule. Binti ndiye aliyenipokea, akanishika mkono kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani. Baba alituambia."

"Aliwaambia nini?"

"Kwamba kule ofisini wote walimgeuka, wewe peke yako ndiye uliyemtetea. Kwamba bila wewe wangempeleka hata polisi." Alikuwa ameshaanza kulia, kimya kimya, bila kufuta machozi. "Tumekuchinjia kuku. Tulikuwa tunasubiri tu uje."

Nilikaa. Maneno yangu ya Kisukuma yalikuwepo bado, machache, yamejipanga. Binti aliketi kwenye kigoda mbele yangu, akasogea karibu ili baba yake asisikie.

"Mama, nikuulize kitu kimoja. Wewe siku ile ulikuwepo. Ulimwona baba akitoka kaburini kwenda kituoni?"

"Mimi nilichelewa kufika," nikasema.

"Kwa hiyo wakati wa kumshusha mama, hukumwona pale?"

"Wakati huo sikuwepo."

"Ulipofika ndio ukamkuta."

"Nilimkuta amesimama kando."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo. Kila nililosema lilikuwa kweli. Ungelipeleka kwa mkaguzi lingepita. Nilimwangalia akiinuka kwenda jikoni na nikajua kwamba yale maneno mengine sitayasema, leo wala kesho, na kwamba nimelijua hilo tangu Bariadi, hata nilipokuwa nikiyapanga.

Mzee aliingia akiwa amevua viatu mlangoni. Alikuwa amepungua. "Mwadila, mayu," alinisalimu, nami nikamwitikia. Akauliza kama mvua za Bariadi zimeanza, akauliza habari za nyumba yangu, kama nimeshapaua. Nikamwambia nimepaua. Akasema vizuri, nyumba ni paa.

Chakula kikaja: ugali, kuku, na bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga, ambalo binti alisema amenipikia kwa sababu baba yake aliwahi kumwambia nayapenda. Akaleta jagi na beseni. Kwetu binti humnawisha baba yake kwanza, kisha mgeni. Yeye alikuja moja kwa moja kwangu. Alininawisha mikono yote miwili kwa utulivu, hadi kwenye vifundo, akanipa taulo. Kisha akaliweka jagi chini, mbele ya miguu ya baba yake, akatoka nje.

Mzee alilitazama jagi. Hakuonyesha kushangaa, ilionekana kwamba amezoea. Aliliinua kwa mkono wa kushoto, akajimwagia maji kwenye mkono wa kulia, akaufikicha kwa vidole vyake mwenyewe, kidole gumba juu ya vingine, kama alivyokuwa akifikicha pamba.

"Tule, mwanangu," akasema.

Tukala.